Dereva aliyekoroma ndani ya helmeti: uchambuzi wa kisa

Kisa hiki ni cha kufundishia huduma ya kwanza kwenye vijiwe vya bodaboda. Mahali pamefichwa na mambo madogo madogo yamehamishwa ili wahusika wasitambulike. Makosa yaliyomo, hata hivyo, ni yale yale yanayojirudia popote barabara ya lami inapopita katikati ya makazi.

Ni saa kumi na mbili na nusu jioni, giza linaanza kuingia. Bodaboda yenye abiria mmoja inatoka barabara ya vumbi kuingia lami. Bajaji inayokuja inakata kona kwa ndani, dereva wa bodaboda anakwepa, tairi la mbele linaingia kwenye mchanga ulioko pembezoni na pikipiki inalala. Abiria anateleza hadi kwenye majani, mguu wa kulia umevunjika chini ya goti, anapiga mayowe. Dereva anarushwa mbele na kichwa chake kinagonga ukingo wa kalavati. Amevaa helmeti ya uso mzima, ile inayoziba mpaka kidevu, na kioo amekishusha kwa sababu ya wadudu wa jioni. Analala ubavu, uso ukielekea chini kidogo. Hatikisiki.

Watu wakajaa haraka, na wengi wao wakamkimbilia abiria kwa kuwa ndiye aliyekuwa akilia. Anayelia anapumua. Kwenye ajali yoyote wa kumtazama kwanza ni yule aliyenyamaza, hata kama mguu wa mwenzake umepinda vibaya na unatisha kuutazama.

Wachache waliomfikia dereva wakamgeuza chali ili, kwa maneno yao, apate hewa. Hapo ndipo mkoromo ulipoanza, mzito na wenye majimaji, ukisikika vizuri ingawa kioo kilikuwa kimefungwa. Kijana mmoja akaishika helmeti kwenye kidevu aivute. Mwingine akampiga mkono: "Wewe, unataka kumuua? Helmeti haivuliwi!" Wakagawanyika makundi mawili, wa vua na wa usivue, na kwa muda ule wa kubishana hakuna aliyemgusa majeruhi. Kilichowanyamazisha ni muuguzi wa zahanati ya jirani, mama wa makamo, aliyekuwa akirudi nyumbani na akashuka kwenye daladala.

Nisimame hapa, kwa sababu wanafunzi wangu wengi hudhani kosa kubwa la kisa hiki ni la yule kijana aliyetaka kuvuta. Lile lilikuwa kosa, ndiyo, ila lilizuiwa. Kosa lililokamilika ni la kumgeuza chali na kioo kikiwa kimefungwa. Alipokuwa ubavuni, matapishi na damu vilikuwa na njia ya kutoka kinywani, na ulimi haukuwa na pa kuangukia. Mtu aliyepoteza fahamu akilazwa chali, ulimi hulegea na kurudi nyuma, ukaziba koo. Ukiongeza kioo kilichoshuka na ukingo wa kidevu ulioziba mbele, chochote anachotapika kinabaki mle mle mbele ya pua na mdomo. Nia ilikuwa kumpa hewa, na hewa yenyewe ndiyo iliyozibwa. Kama anapumua vizuri akiwa ubavuni, mwache ubavuni, shika helmeti isitikisike, inua kioo, subiri mikono zaidi.

Muuguzi alipiga magoti, akainua kioo. Ndani kulikuwa na wali uliochanganyika na damu. Akamwita, hakujibu. Akamfinya bega kwa nguvu, majeruhi akaguna na kuvuta mkono wa kushoto, kisha akakunja vidole vya miguu yote miwili. Hilo la miguu ni dogo kuliandika na kubwa kulijua. Unataka kufahamu kama viungo vinacheza kabla hujagusa kichwa, ili baadaye mtu akikuta mguu haufanyi kazi ijulikane ulikuwaje mwanzo.

Jambo lake la kwanza halikuwa kuvua helmeti. Alimrudisha ubavuni. Aliwachagua watu kwa kuwanyooshea kidole, kwa kuwa ukisema "jamani nisaidieni" watu ishirini wataangaliana: "Wewe mwenye fulana nyekundu, njoo kichwani. Wewe bega, wewe kiuno na mguu." Huyu wa fulana nyekundu alikuwa dereva mwenzake wa kijiweni. Alishika helmeti pande zote mbili, na kwa hesabu yake yeye wakamgeuza kwa pamoja, kichwa na kiwiliwili vikizunguka kama gogo moja. Matapishi yakamwagika nje kupitia uwazi wa kioo. Mkoromo ukapungua lakini haukwisha. Pumzi zilikuwa fupi, na midomo ilianza kubadilika rangi. Alijaribu kupenyeza vidole chini ya ukingo wa helmeti ili asukume taya mbele, akashindwa. Ukingo wa kidevu ulizuia. Kinywa hakikufikika, wala taya haikushikika.

Ndipo akaamua ivuliwe.

Uamuzi huo ndio kiini cha kisa. Swali lililokuwa likibishaniwa barabarani, helmeti inavuliwa au haivuliwi, lilikuwa swali baya. La kuuliza ni hili: je, anapumua, na je, naweza kuifikia njia yake ya hewa helmeti ikiwa imevaliwa? Kama anapumua bila shida, anaongea, anakujibu jina lake, helmeti ibaki mpaka wafike wenye mafunzo, na yeye mwenyewe azuiwe kuivua kwa pupa. Kama hapumui, au anapumua kwa shida na huwezi kumsaidia kwa sababu ya helmeti, au anahitaji kukandamizwa kifua na kupuliziwa hewa, au damu nyingi inatoka mahali ambapo huwezi kupaona, helmeti inatoka. Ubongo usiopata oksijeni huanza kuharibika ndani ya dakika chache. Shingo inaweza kuwa imevunjika au isiwe. Kukosa hewa unakusikia kwa masikio yako.

Hata nchi zenye magari ya wagonjwa kila kona hazikubaliani juu ya nini afundishwe raia wa kawaida. Ujerumani, kila anayetaka leseni ya udereva lazima apite kozi ya huduma ya kwanza, na humo hufundishwa kumvua helmeti mpanda pikipiki aliyepoteza fahamu. Uingereza, ushauri wa kawaida kwa asiye mtaalamu ni kutoigusa isipokuwa hakuna budi. Tofauti yao ni ndogo kuliko inavyosikika, maana pande zote mbili zinakubali kwamba hewa hutangulia shingo. Kauli iliyofika vijiweni kwetu, "helmeti haivuliwi", ni ushauri wa Waingereza uliokatwa mkia. Sehemu ya pili, ile ya "isipokuwa", imepotea njiani, na kilichobaki kimegeuka mwiko. Mimi naegemea upande wa Wajerumani, kwa sababu sehemu nyingi za barabara zetu "subiri wataalamu" maana yake ni subiri pikapu.

Kabla ya kuvua, muuguzi aliwaamuru wamrudishe chali kwa mtindo ule ule, taratibu, kisha akapitisha mkono kuzunguka helmeti kutafuta vya kuondoa. Hapa visa vya bodaboda vinatofautiana na picha za vitabuni. Kitabu kinasema fungua kifungo cha mkanda. Kifungo cha helmeti hii kilikuwa kimekufa zamani, mkanda umefungwa fundo, na fundo limekaza. Kati ya shavu la kulia na sifongo kulikuwa na simu, ile tabia ya kuongea huku mikono yote ikiwa kwenye usukani. Chini ya helmeti kulikuwa na mzula wa sufi. Simu isipotolewa kwanza, helmeti inapovutwa hukwama upande mmoja na kukizungusha kichwa, yaani mwendo ule ule unaouogopa. Wengine huwa na waya wa spika za masikioni uliopita ndani ya koti, na miwani. Vyote hutoka kwanza, kupitia uwazi wa kioo.

Fundo halifunguliwi, linakatwa. Mkasi haukuwepo, kulikuwa na kisu cha muuza mananasi. Muuguzi alipitisha vidole viwili kati ya mkanda na koo, akakata kuelekea nje, makali yakiipa shingo mgongo. Mkasi ungekuwa salama zaidi, na ni kitu cha bei ndogo kuwekwa chini ya siti pamoja na spana.

Kisha ikaja mikono minne. Nitaieleza polepole, maana hapa ndipo watu hukosea hata baada ya kufundishwa.

Kijana wa fulana nyekundu alikuwa amepiga magoti nyuma ya utosi wa majeruhi, viwiko vikiwa chini, viganja pande mbili za helmeti, vidole vikikamata ukingo wa chini. Aliambiwa: "Usivute. Usisukume. Shika kama ilivyo." Muuguzi akakaa ubavuni mwa majeruhi. Mkono wake mmoja ukashika taya, kidole gumba upande mmoja, vidole viwili upande wa pili, kwenye pembe ya mfupa. Mkono wa pili ukapita chini ya shingo kwa nyuma, ukapanda hadi kwenye kisogo, kadiri ukingo wa helmeti ulivyoruhusu. Mkono wa mbele ukaegemea kifua cha majeruhi na ule wa nyuma ukalala ardhini ili isichoke wala kutetemeka.

Halafu akasema maneno ninayowataka wanafunzi wayaseme kwa sauti kila mara: "Sasa kichwa nimekishika mimi. Wewe una helmeti tu." Mpaka sekunde ile, mwenye kichwa alikuwa kijana. Baada ya hapo ni muuguzi, na ndiye anayeamuru. Timu zinazofanya vibaya kwenye mazoezi huwa zina watu wawili wanaodhani kila mmoja kwamba mwenzake ndiye ameshika shingo.

Kijana akapanua helmeti kwa kuvuta pande zake mbili nje, masikio yapite. Ukitaka kujua kwa nini, jaribu kuvua yako bila kuipanua. Akaanza kuivuta kuelekea kwake, taratibu. Helmeti ya uso mzima hukwama puani. Dawa yake ni kuiinamisha helmeti kidogo kwa nyuma, ukingo wa kidevu uinuke na kuivuka pua, kisha kuirudisha upande wa pili kisogo kitoke. Helmeti ndiyo inayoinama; kichwa kinabaki kinatazama juu, kimenyooka na kiwiliwili. Ukiona kidevu cha majeruhi kinapanda pamoja na helmeti, simama. Muuguzi alisimamisha mara mbili. Kila helmeti ilipotoka sentimita chache, aliusogeza mkono wa nyuma ukapanda juu zaidi ya kisogo.

Hiyo ya kusogeza mkono ndiyo hatua ninayoipa uzito kuliko zote. Watu huogopa kuvuta, na wakati wa kuvuta huwa makini sana. Ajali hutokea sekunde inayofuata. Kichwa cha mtu mzima kina uzito wa kilo nne hadi tano, na kabla ya hapo kilikuwa kimelala juu ya sifongo na ganda la helmeti, kimeinuka kutoka ardhini. Helmeti ikitoka, chini yake panabaki pengo. Kama mkono haujafika kwenye kisogo, kichwa kinadondoka nyuma na shingo inapinda, baada ya kazi yote kufanywa vizuri. Pingili za shingo ni saba, na neva zinazoendesha kiwambo cha kupumulia hutoka usawa wa pingili ya tatu hadi ya tano. Jeraha la uti wa mgongo juu ya hapo linaweza kuisimamisha pumzi ile ile uliyotaka kuiokoa.

Kichwa hakikudondoka. Kijana aliweka helmeti kando, akarudi na kukishika kichwa kwa viganja viwili juu ya masikio, na ni pale tu aliposema "nimekishika" ndipo muuguzi alipoachia. Mikono yake ikiwa huru, alisukuma taya mbele kwa vidole bila kuinamisha kichwa nyuma, akafuta kinywa kwa kitambaa. Mkoromo ukakatika. Kifua kikaanza kupanda na kushuka vizuri. Majeruhi akatapika tena, na safari hii wakamgeuza ubavu kama gogo mara moja, bila mjadala.

Mama mmoja alitoa kanga, ikakunjwa unene wa vidole viwili hivi na kuwekwa chini ya kisogo kila walipomlaza chali. Mtu mzima akilala chali bila kitu chini ya kichwa, shingo huelekea kupinda nyuma kidogo. Kanga hiyo huirudisha kwenye mstari. Kwa mtoto mdogo ni kinyume. Kichwa chake ni kikubwa kulinganisha na mwili na humsukuma kidevu kifuani, kwa hiyo nguo huwekwa chini ya mabega. Nalitaja kwa sababu pikipiki za asubuhi hubeba wanafunzi wawili watatu kwa mkupuo.

Mtu aliuliza kama waingoje polisi na PF3, fomu ya polisi ya kumpeleka majeruhi hospitali. Muuguzi alisema fomu itafuata. Simu ilipigwa 112, namba ya dharura, lakini chombo kilichopatikana kilikuwa pikapu yenye godoro. Walimbeba juu ya mlango wa mbao wa kibanda kilichokuwa kikijengwa jirani, kijana akishika kichwa njia nzima. Kuna aliyependekeza bajaji kwa kuwa ni ya haraka. Kumkunja mtu wa aina hii akae kwenye siti ya bajaji, kichwa kikining'inia, ni kubatilisha kila kitu kilichotangulia.

Hospitalini picha za CT zilionyesha mchubuko wa ubongo usiohitaji upasuaji na mfupa wa mtulinga uliovunjika. Pingili za shingo zilikuwa nzima. Matokeo haya huleta ubishi kila nikisimulia. Vijana husema: basi, shingo ilikuwa nzima, angeweza kuivuta tu. Ndiyo, angeweza, na asingejua mpaka picha zitoke. Pale kwenye kalavati ilikuwa pumzi mbovu tu iliyojulikana. Shingo haikujulikana, na kilichofanyika kiliheshimu yote mawili. Swali la maana zaidi ni kama muuguzi angekuwa peke yake, bila wa fulana nyekundu. Kwa majeruhi huyu jibu langu ni kwamba angemwacha ubavuni, kioo kimeinuliwa, na kupaza sauti hadi apate mikono mingine miwili, hata ya mtoto wa sekondari, maana wa kichwani alielekezwa pale pale na hakuwa na mafunzo yoyote. Kwa asiyepumua kabisa, hata mtu mmoja anaivua, kwa uangalifu anaouweza, na kuanza kukandamiza kifua.

Yapo pia mambo yanayorahisisha na ambayo wengi hawayajui. Helmeti za nusu, zinazoacha uso wazi, mara nyingi hazihitaji kuvuliwa kabisa kwa kuwa mdomo na taya vinafikika. Zile zinazofunguka mbele zina kitufe kwenye kidevu. Kibonyeze, sehemu yote ya uso inainuka. Baadhi ya helmeti za gharama zina vitambaa vidogo vyekundu chini ya mashavu. Ukivivuta, sifongo za mashavu hutoka zenyewe, na helmeti iliyokuwa imebana inateleza bila kusumbua shingo.

Humzuka pia, katika kila darasa, mtu wa kusema kwamba helmeti ndiyo inayovunja shingo, bora usivae. Mapitio ya mwaka 2008 ya Cochrane, mtandao wa watafiti wanaopima ushahidi wa tiba, yaliyokusanya tafiti nyingi, yalikuta helmeti inapunguza hatari ya kufa kwa asilimia 42 na ya kuumia kichwa kwa asilimia 69. Dereva huyu aligonga zege kwa kichwa na akaondoka na mchubuko.

Jambo la mwisho lililoharibika ni helmeti yenyewe. Iliachwa kando ya kalavati, na daktari alipouliza kichwa kiligonga upande gani hakuna aliyekuwa na jibu. Ufa na mbonyeo kwenye ganda vingemwonyesha pigo lilitua wapi na kwa ukali gani, na vingemwelekeza kwa kuanzia kutafuta. Helmeti ipande kwenye pikapu pamoja na mwenyewe. Haipaswi kubaki barabarani kwa sababu nyingine pia: povu gumu la ndani likishabonyea mara moja halirudi, ganda hata likiwa bado linang'aa, na helmeti iliyookotwa jioni ya ajali huwa imepata kichwa kipya asubuhi yake.